Lori Limerudi, Ubao Haujafutwa

Kaka yangu ni dereva wa lori. Jumatatu alirudi kutoka nchi jirani. Jumanne hakula. Jumatano alijifunika mablanketi matatu mchana wa jua kali, meno yanagongana.

"Ni uchovu wa safari," alisema.

"Uchovu gani unatikisa kitanda?" aliuliza wifi, ambaye alikuwa na mimba ya miezi minane. "Hiyo malaria."

"Malaria iliisha hapa! Huoni ubao?"

Ubao uko ukutani kwenye zahanati: SIKU 812 BILA MALARIA. Kila asubuhi mhudumu wa afya hufuta namba na kuandika mpya. Tunamwita Mama Kidole, kwa vile ametutoboa vidole mtaa mzima.

"Nikipimwa atarudisha sifuri," kaka alinong'ona. "Mtaani nitapita wapi?"

Kesho yake tukasikia hodi. Kaka akajitupa uvunguni mwa kitanda.

"Nimeona lori nje," alisema Mama Kidole. "Mwenyewe yuko wapi?"

"Katoka kidogo, dada," wifi alijibu, macho chini.

Kitanda kikaanza kutetemeka. Kikombe kilichokuwa juu ya kabati la pembeni kikaanguka.

"Na kitanda nacho kina homa?"

Wifi alicheka mpaka akashika tumbo. "Toka, baba. Tumeshikwa."

Mama Kidole alimtoboa kidole, akadondosha damu kwenye kipimo. Tulisubiri robo saa. "Malaria. Umetoka nayo safari."

"Haya, andika sifuri," kaka alisema, karibu kulia.

"Nani kakwambia? Ubao unahesabu malaria iliyopatikana hapahapa. Yako ni mgeni. Lakini mbu wetu wapo. Mmoja akikuuma wewe, baadaye akamuuma mkeo na mimba yake, hapo ndipo nafuta siku zote na kuandika sifuri. Nawe unajificha uvunguni, kwa mbu wenyewe!"

Alimpa dawa. "Maliza vidonge vyote, hata ukijisikia mzima kesho. Na ulale ndani ya chandarua." Akaandika kaka alilala wapi safarini. Kisha akatupima sisi na majirani. Wote tulikuwa salama.

Miezi mitatu baadaye, kaka alirudi safari nyingine na kichwa kinamuuma. Lori likasimama zahanati kwanza. Alipimwa, hakuwa na malaria.

"Siku hizi Mama Kidole anakushika mkono kabla yangu!" wifi alilalamika, mtoto mgongoni. "Mke nani?"

"Mke ni wewe," kaka alijibu. "Lakini ubao ni wangu. Leo siku 903!"