Pori la Mzee Jabiri

Kila jioni Mashavu aliporudi kutoka machungani, Bibi Faudhia alimsimamisha mlangoni. "Toa hizo mbegu za kishona nguo kwenye sketi, uzitie motoni. Sitaki magugu kwangu!"

Mashavu alikuwa darasa la tano, na hakupenda kufanya jambo nusunusu. Likizo ilipofika alishika jembe, akang'oa kishona nguo, mchicha pori na kunde pori zote kwenye malisho yao pale Misima. Akabakiza ukoka mtupu. Bibi alimsifu mpaka kichwa kikamvimba.

Kisha jua likawaka wiki sita. Ukoka ukakauka. Wakati huohuo Kipaku, kondoo wao, akazaa, na maziwa hayakutoka. Mtoto wake alinyonya, akaacha, akalia. Kesho yake hakuwa na nguvu hata ya kulia. Mashavu alileta majani ya mgomba, Kipaku akayanusa tu. Pumba nayo iliisha. Mashavu hakujua afanye nini tena. Alimpakata yule mtoto, akalia kwa uchungu.

Jirani yao, Mzee Jabiri, akapita pale malishoni akisukuma baiskeli. Shamba lake alilolipumzisha lilijaa magugu, na kijiji kizima kililiita "pori la Jabiri". Mashavu mwenyewe alikuwa hodari wa kulicheka.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Nani kapafyeka hapa?"

Angeweza kulisingizia jua. "Ni mimi, babu. Niling'oa vyote."

"Basi walete kwangu, upesi!"

Kule porini mchicha pori ulikuwa bado kijani. Kipaku alikula bila kuinua kichwa. Mzee Jabiri akamnywesha mtoto maziwa ya mbuzi wake. Siku ya tatu kiwele cha Kipaku kikajaa.

"Ukoka ni mzuri mvua ikiwapo," Mzee Jabiri alisema. "Jua likija, mchicha pori una mzizi mrefu, unafuata maji chini. Malisho yanataka majani ya kila aina."

Jioni ile sketi ya Mashavu ilijaa mbegu tena. Akazitoa, akaelekea jikoni kuzichoma.

"Ngoja," alisema taratibu Bibi, aliyekwisha kukiona kiwele cha Kipaku. "Kwenye shamba la mahindi, hayo ni magugu, mjukuu wangu. Kwa kondoo ni chakula. Mimi ndiye niliyekusifu kwa kosa. Nenda kazimwage pale malishoni ulipong'oa."

Mashavu akaenda, akazimwaga zote.