Mke wa Ngazini

Mkono wa ngazi ulikuwa na joto. Mke wa fundi aliushika asubuhi akishuka kwenda jikoni, kama alivyoushika kila siku kwa wiki tatu tangu ngazi imalizike, na kiganja chake kikakuta uvuguvugu wa mahali alipotoka kuegemea mtu. Alidhani ni mumewe aliyepita. Kisha akakumbuka kwamba mumewe alitoka alfajiri, na kwamba jua halifiki pale ngazini hata liwake vipi. Akafuta kiganja kwenye nguo yake, akashuka bila kushika kitu.

Mumewe alikuwa seremala wa zile kazi za mwisho: ngazi, fremu za milango, mbao za kuzungushia chini ya kuta, vitu ambavyo mwenye nyumba huviona kila siku na kasoro yake humchoma kila siku. Wenzake walimwita Milimita, kwa sababu aliwahi kung'oa fremu nzima iliyokwisha kupakwa rangi kwa ajili ya milimita moja. Kwenye kona hakufanya kama wenye haraka, wanaokata mbao mbili kwa pembe, wanazikutanisha, kisha wanaziba ufa kwa unga wa mbao na gundi wakiomba mteja awe na macho mabovu. Yeye alisimamisha ya kwanza, na ya pili akaichonga kwa msumeno mwembamba ifuate sura ya mwenzake, bonde kwa bonde, hata mbao zikikauka na kusinyaa pasionekane upenyo. Zikishikana hivyo, mafundi husema zimeoana.

Na alikuwa na tabia ya kuzisemesha. Akipiga randa alibembeleza: tulia mrembo, nyoosha mgongo, hapo hapo. Mkewe akimpelekea chakula karakanani aliyasikia maneno hayo tangu mlangoni, na kwa miaka kumi na mmoja ya ndoa hakuyazoea, maana yeye nyumbani aliitwa "wee". Watu walimcheka kwa kuzionea mbao wivu. Waache wacheke. Mtu anajua anachonyimwa, na kinauma zaidi anapokiona kinagawiwa bure.

Kinyozi hajinyoi. Nyumba ya fundi mwenyewe ilikuwa na ngazi ya mabaki, iliyogongwa juujuu, mpaka siku mke aliposema amechoka kupanda kama kuku anayekwenda kulala. Ndipo Milimita akajifunga. Aligawa kimo cha kutoka sakafu ya chini hadi ya juu kwa vidato kumi na sita vilivyo sawa kabisa. Mguu, alimweleza mkewe, hujifunza kimo cha kidato cha kwanza na cha pili, baada ya hapo unaamini tu. Ukiudanganya mbele ya safari kwa unene wa kidole, mtu anakwenda chini. Mkono wa ngazi aliupata kwenye nyumba ya zamani iliyobomolewa. Ulikuwa mti mmoja mweusi, mrefu, umepinda juu mithili ya shingo, bila kiungo hata kimoja. Vibarua walikuwa wamebeba kila kitu wakauacha huo peke yake kwenye kifusi, na hakuna aliyemwambia kwa nini.

Siku ya kuufunga walikuwa watatu: fundi, mkewe, na kaka wa mke, ambaye ni fundi rangi na alikuja kupaka vanishi. Fundi alikuwa ameusugua mti ule msasa kwa siku sita, mnene kwanza, kisha laini, kisha laini kuliko huo, akiusemesha muda wote. Jioni ulipoingia kwenye nguzo yake bila nyundo, bila upenyo hata wa unywele, furaha ilimzidi. Badala ya kusema zimeoana, aliulazia shavu akasema, "Sasa tumeoana."

Shemeji akacheka, akasema yeye shahidi. Mke naye, kwa uchungu aliouvisha kicheko, akasema, "Na mimi mke mkubwa nimeridhia. Mwoe."

Mdomo huponza kichwa, na jioni ile iliponza vichwa viwili.

Baada ya lile joto, likaja la kujikwaa. Kidato cha tisa kila siku kilimpata mke kwenye ncha ya kidole, akipanda tu, akiwa na ndoo au mikono mitupu. Mumewe hakujikwaa. Kaka yake hakujikwaa. Alipomwambia mumewe kwamba kile kidato kimezidi, ilikuwa kama amemtukania mama yake. Milimita alitoa futi kamba, akatoa guni la kupimia pembe, akatoa kipimo cha maji, akapima vidato vyote kumi na sita mbele yake, na vyote vikatoka sawa. Halafu akamtania kwamba kujikwaa si kuanguka, ndiyo kwenda mbele. Yeye hakucheka. Alikuwa amemwona mumewe, alipopima kile cha tisa, akikipapasa kidogo kabla ya kuinuka.

Kisha ikaja harufu. Alasiri, vanishi ikiwa imeshakauka siku nyingi, ngazini palinukia mafuta ya nywele, mazito na matamu, na mke wa fundi hakuwa na mafuta ya namna hiyo. Hapo akili yake ilikwenda mahali ambapo akili ya mke yeyote ingekwenda. Alinusa mashati ya mumewe. Alikagua mto. Alirudi nyumbani saa zisizo zake, akafungua mlango taratibu, akakuta nyumba tupu na harufu ile imesimama katikati ya ngazi, mbichi, kana kwamba mwenyewe ameondoka sasa hivi. Alimwambia kaka yake kwamba shemeji yake ana mwanamke, na anamleta ndani. Kaka, asiyetaka kuamua, akamjibu kwa ule msemo kwamba wivu ni kidonda, ukiushiriki utakonda. Na kweli alikuwa anakonda. Alichotaka ni kimoja tu, mume wake ndani ya nyumba yake, na aliona vyote viwili vinamtoka bila kumjua anayevichukua.

Akamjua siku ya mapumziko, saa kumi za jioni. Alikuwa chumbani juu akikunja nguo, mlango umerudishwa nusu, akasikia msasa: shaa, shaa, polepole, namna mtu anavyosugua kitu asichotaka kukimaliza. Akachungulia. Mumewe alikuwa amekaa kwenye kidato cha tisa, mgongo ameupa nyumba, kiganja kimoja kimetulia juu ya mkono wa ngazi, kingine kipo pajani, na hakuwa na msasa. Alikuwa akizungumza kwa sauti ya chini. Akasema neno, akanyamaza kama anayesikiliza, akatikisa kichwa, akacheka kile kicheko chake cha zamani, cha uchumba, ambacho mkewe alidhani kilishakwisha duniani. Na ule msasa uliendelea, shaa, shaa, chini ya vanishi, ndani ya mti.

Alirudi nyuma akakaa kitandani. Hofu ilimshika, ndiyo, lakini wivu ulikuwa umetangulia na umekalia kiti.

Siku tatu baadaye, adhuhuri, nyumba nyeupe kwa mwanga na mtaa wote macho, alianza kushuka na beseni la nguo, na kwa kuwa alikuwa peke yake aliamua kuhesabu, moja, mbili, tatu, akikanyaga kila kidato kwa kisigino kwanza kama mtu anayepima sakafu yenye sabuni, na alipokaribia katikati ile harufu ya mafuta ikapanda kutoka chini ikamjaa puani na kooni, na mkono wa ngazi alioapa kutoushika tena ukamgusa mwenyewe kiunoni, wa moto, wenye unyevu wa jasho, akaruka kuukwepa, na mguu wake ulioamini ukashuka kutafuta kidato mahali ambapo kidato kilikuwepo kila siku, ukashuka, ukaendelea kushuka, haukukuta kitu. Beseni lilifika chini kabla yake. Alilala sakafuni, mkono wa kushoto umevunjika chini ya mwili wake, nguo mbichi zimemfunika uso, na juu yake, kwenye kidato cha tisa, kitu kilishusha pumzi ya kuridhika, kisha kikamwita kwa sauti ya mumewe, taratibu, bila hasira.

"Wee."

Mganga aliyeletwa na kaka wa mke alikuwa mwanamke wa mtaa wa pili, aliyeshona nguo siku nyingine zote, na alikuwa na ile haraka ya watu wa cherehani, wanaokutazama mara moja wakajua kipimo chako. Hakuchoma kitu, hakuimba. Alipanda ngazi, akashuka, akanusa kiganja chake, akamuuliza fundi aliuambia nini ule mti. Fundi akasema huwa anasema mengi. Akaulizwa siku ya kuufunga. Akajibu akitazama viatu vyake. Mganga akamgeukia mke, aliyekuwa na mkono uliofungwa shingoni kwa kitambaa.

"Na wewe uliridhia?"

"Nilikuwa natania."

"Jini aliyemo ndani ya mti hakutania," mganga alisema. "Aliposwa kwa siku sita, akaolewa mbele ya shahidi, na mke mkubwa akatoa ruhusa. Kwa hesabu yake, anayeingilia ndoa hapa ni wewe."

Akawaeleza dawa yake. Fundi asimame kwenye kidato cha tisa, ashike mkono wa ngazi, amwache kwa maneno mara tatu, kisha afungue kile kiungo cha nguzo kwa mikono yake mwenyewe. Lakini asikilize vizuri. Jini yule hakuwa amewapa jina, na hawezi kuachwa kwa jina. "Kwa hiyo macho yako ndiyo jina. Unayemtazama ndiye unayemwacha."

Mke alisimama juu, mlangoni pa chumba chao. Mganga na kaka walibaki chini. Fundi akapanda hadi katikati, akashika.

"Nimekuacha," alisema, akitazama mti.

Vidato vyote kumi na sita vililia kwa pamoja, mlio mkavu, halafu pakawa kimya. Kaka wa mke alitafuta ukuta kwa mkono wake.

"Nimekuacha," alisema mara ya pili, na sasa misumari ikaanza kuimba mmoja mmoja ndani ya mbao, zile mbao za chini ya kuta alizozichonga kwa msumeno mwembamba zikaachana kwenye kona, upenyo baada ya upenyo, chumba baada ya chumba, na harufu ya mafuta ikageuka kuwa ya mti uliokatwa leo, mti unaotoka maji, na kweli maji yalitoka, yalichuruzika kutoka kwenye ile shingo nyeusi yakapita juu ya vidole vya fundi, ya vuguvugu, na kwa sauti ndogo ambayo wote wanne waliisikia, kitu kikamrudishia maneno yake yote moja baada ya jingine, tulia mrembo, nyoosha mgongo, hapo, hapo hapo, kama mtu anayerudisha zawadi.

Fundi alifungua mdomo. Chini ya yale maji vanishi ilikuwa inang'aa kama jioni ile, na ndani yake mistari ya mti ilikuwa imelala vizuri kuliko kazi yoyote aliyowahi kufanya au atakayowahi kufanya. Hakuweza kuutazama tena. Aliinua macho atafute msaada, na macho yakamkuta mkewe.

"Nimekuacha," alisema.

Misumari ikanyamaza. Maji yakakauka vidoleni mwake. Harufu ya mafuta ya nywele ilirudi, tamu, ikaenea nyumba nzima bila haraka, kama mtu anayefungua madirisha ya kwake.

Mganga aliokota mkoba wake pale chini. Kaka alimuuliza kwa kunong'ona kama haiwezekani kurudia. Akatikisa kichwa. Neno si kitambaa, alisema, halifumuliwi likashonwa upya.

"Nimekosea," fundi alimwambia mkewe. "Mke wangu, nimekosea tu macho."

Ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka mingi kumwita hivyo, na mkewe aliligundua hilo, na likamuuma kuliko mkono uliovunjika. Alimuuliza kama amekosea kweli, au yule amemshinda kumwacha. Mumewe angeweza kuondoa mkono ngazini, hilo tu lingekuwa jibu, lakini mkono ulibaki pale pale.

"Yeye maneno mawili hayakumtosha," mke alisema. "Mimi moja limenitosha."

Aliingia chumbani, akatia nguo zake kwenye begi kwa mkono mmoja, na haikumchukua muda. Kaka yake alitaka kupanda amsaidie, akamkataza. Alianza kushuka mwenyewe, begi begani, hakuna cha kushikilia, akipita karibu na mumewe bila kumgusa, na alijikaza kwa ajili ya kidato cha tisa. Kilikuwa sawa na cha kumi. Cha nane kilikuwa sawa na cha tisa. Kila kidato kilimpokea mguu mahali hasa mguu ulipokitarajia, imara, kimya, kwa adabu zote, na ngazi ile iliyomkwaza kila siku ikamsindikiza mpaka chini kama wenyeji wanavyomsindikiza mgeni aliyekaa kupita kiasi.

Mlangoni aligeuka mara moja. Mumewe alikuwa bado ameshika mkono wa ngazi, na kwa jinsi vidole vyake vilivyobanwa, mkono wa ngazi nao ulikuwa umemshika.