Ndege Iliyovua Nguo

Mgeni wa kusimamia mtihani alitarajiwa wiki iliyofuata. Lakini asubuhi hiyo, Mavzuna na Parvina walipokuwa wakiwasha jiko la darasani, mlango ulisukumwa, akaingia mama mmoja mwenye theluji mabegani.

“Natoka mjini Khorog,” alisema. “Kesho barabara ya mlimani inafungwa. Mtihani ni leo.”

Nafasi katika shule ya bweni ilikuwa moja tu. Kwa ajili yake Mavzuna alikuwa amekariri, kama wote kijijini walivyozoea, vitenzi mia mbili vya Kiingereza, vile vinavyobadilika maana vikifuatwa na kijineno kidogo. Kila kimoja alikipa tafsiri moja: “take off” ni kuvua nguo. Alivikariri akikamua mbuzi, akavikariri akikanda unga.

“Atakayejua kitu amwambie mwenzake,” Parvina alinong’ona. “Umeahidi?”

“Nimeahidi, we! Lete kinyesi kikavu cha ng’ombe, moto unazima.”

Sehemu ya kwanza ilikuwa kutafsiri barua ya safari. Palipoandikwa “The plane took off”, mgeni alisoma jibu la Mavzuna kwa sauti: “Ndege ilivua nguo.”

“Masikini! Na baridi hii!” mtu alidakia nyuma. Darasa zima likacheka.

Wakati wa mapumziko, Mwalimu Qadam alimkuta Mavzuna amejiinamia nyuma ya zizi.

“Nimekwisha, mwalimu. Mwaka mzima nimetwanga maji.”

“Binti yangu, neno likikutatiza, lifunike kwa kidole. Soma yaliyo kabla na baada yake. Abiria wamefunga mikanda, ndege inakimbia uwanjani. Itafanya nini?”

“Itaruka.”

“Basi! Mtu humjui kwa jina lake tu. Unamjua ukiona anaishi na nani. Neno nalo ni hivyo.”

Mavzuna alirudi mbio. Zilibaki dakika kumi kabla ya sehemu ya pili. Parvina alikuwa dirishani, macho mekundu. Naye alikuwa amekosea. Lakini Parvina hushika mambo upesi kuliko yeye. Akiambiwa, nafasi imekwenda. Asipoambiwa, nani atajua?

Mavzuna alimwendea pale dirishani. Kisha akaketi, akafungua kitabu.

“Tuliahidiana. Weka kidole hapa,” alisema. “Sasa soma kabla, na baada.”

Parvina alisoma, uso ukamng’aa. “Kumbe!”

Mwalimu Qadam aliwaona na kuwasikia kutoka mlangoni. “Mtihani huja tena kila mwaka, Mavzuna,” alisema polepole. “Ahadi iliyovunjwa hairudiwi.”

Kengele ikalia. Parvina alikuwa ameelewa kila kitu. Mavzuna alichukua kalamu, akalifunika neno la kwanza kwa kidole.