Ubao wa Mnara wa Ngoma

Mlango ulibishwa mara tatu, taratibu, Swabra alipokuwa akitandika mswala wa magharibi.

"Karibu," akajibu.

Hakuingia mtu. Alipochungulia, uchochoro ulikuwa mtupu hadi msikitini. Huwezi kumlaumu kwa kuitikia; aliyelelewa Jomvu Kuu hawezi kuunyamazia mlango unaobishwa. Kilichomkaa moyoni ni kwamba aliyebisha hakupiga hodi.

Mumewe, Mwinyihaji, fundi seremala, alicheka aliporudi. "Mlango mpya huo. Mbao zazoea joto letu."

Mlango wenyewe ulitoka mbali. Tajiri mmoja wa hoteli kule Nyali alikuwa ameagiza nyumba ya kale kutoka Uchina, ikaja vipande vipande kwenye makontena: vigae vya kijivu, nguzo nyekundu, na lango lililokaa chini ya mnara wa ngoma, katika mji wenye ukuta, mpaka mnara ulipobomolewa. Mwinyihaji aliajiriwa kuviunganisha. Ubao mmoja wa lango ulikuwa na ufa, akaambiwa autupe. Fundi gani angetupa mbao kama ile? Akaukata, akaufanya mlango wa nyumbani kwake.

Mzee Liang, fundi aliyekuja na mzigo ule, alimwona akiupakia kwenye mkokoteni. Akamweleza kupitia simu iliyowatafsiria: jua likizama, mlinzi alipiga ngoma mnarani na lango likafungwa. Aliye nje alibaki nje hadi kengele ya alfajiri.

"Hata mwenye mgonjwa ndani?" Mwinyihaji aliuliza.

Mzee aliisikiliza simu, akatikisa kichwa. "Hata aliyelijenga."

Siku ya pili mlango ulibishwa tena saa ile ile. Kukaingia harufu ya taa ya mafuta na vumbi la mawe baridi, kisha nyayo zikapita sebuleni, zikapanda ngazi, zikaenda juu kabisa na kusimama. Nyumba ile haikuwa na ghorofa.

Siku ya tatu alikuja Bi Mastura, anayejua mambo ya majini, na chetezo chake cha ubani.

"Nani alimkaribisha?"

"Ni mimi, bibi," Swabra alinong'ona, mkono juu ya tumbo lake la miezi minane.

"Basi hafukuzwi. Aliyeitikiwa ni mgeni. Lakini leo ni siku ya tatu, na mgeni wa siku tatu hupewa jembe. Mpeni kazi, atawapisheni."

"Kazi gani, bibi?" Mwinyihaji alijaribu kutabasamu. "Hapa hapana shamba. Na alinde mlango."

Bi Mastura aliinamisha chetezo. "Ungeniuliza kwanza, mwanangu. Ameshasikia."

Siku kumi na moja zilipita kimya, kila magharibi ikiwakuta wote wawili ndani. Swabra akaanza kulala vizuri. Ya kumi na mbili, alasiri, chupa ilipasuka.

"Nenda kwa Chengo, alete tuktuk," alimwambia Mwinyihaji, ameshika kitanda. "Usikawie, baba."

Chengo alikuwa akibadilisha gurudumu. Walipofika uchochoroni jua lilikuwa limezama, na ngoma ikalia, nzito, si msikitini wala kwa jirani bali juu ya paa, juu zaidi ya paa, mahali ambapo palikuwa na hewa tupu. Komeo likajifunga kwa ndani.

"Swabra, fungua."

"Sifiki, mume wangu. Kuna mtu kasimama hapa."

Alisukuma, akapiga teke, akaazima shoka la jirani na shoka likaruka bila kuacha alama, akaenda dirishani na Chengo wakang'ang'ania nondo alizozichomelea yeye mwenyewe kwa hofu ya wezi, na kila alipoita Swabra alijibu kwa sauti ndogo kuliko ile ya kwanza, hata ikawa Mwinyihaji anaogopa kuita, anakaa kizingitini na shavu kwenye ubao, akisikia nyayo zikishuka ngazi na kupanda, zikishuka na kupanda, mpaka Swabra hakujibu tena.

Alfajiri kengele ililia juu. Komeo likafunguka. Ndani, mtoto mchanga alikuwa akilia.

Mwinyihaji alisimama. Mkono wake haukuthubutu kusukuma.

"Hodi," alinong'ona.

"Karibu," ilimjibu sauti ya mwanamume, taratibu, kama ya mwenye nyumba.