Moshi wa Gunia la Nailoni

"Kazi ya saa nzima mimi naimaliza kwa dakika tano," Cherehani alimwambia mdogo wake, "na hakuna anayejua nimefanyaje."

Walimwita Cherehani kwa sababu mama yao alikuwa fundi wa nguo, na kwa sababu mdomo wake haukupumzika. Kila Jumamosi alitakiwa kubeba gunia la vipande vya nailoni vilivyobaki kwenye ushonaji, akavitupe jalalani mwisho wa mtaa. Gunia lilikuwa jepesi. Uvivu ndio uliokuwa mzito.

Siku hiyo mama alikuwa amekwenda kupeleka sare kwa mteja. Cherehani akamwaga vipande nje, nyuma ya jiko, akawasha kiberiti.

"Mama alikataza moshi," alisema Kifungo, mdogo wake wa miaka saba, aliyekuwa na ugonjwa wa pumu.

"Alikataza moshi wa ndani. Huu ni wa nje, hauna neno. Kaa hapo mlangoni, mwoga wewe."

Nailoni haikuwaka kama karatasi. Iliyeyuka, ikachuruzika, ikatoa moshi mweusi wa kukwaruza koo. Upepo ukageuka, na moshi ukaingia ndani bila hata kubisha hodi.

Kifungo akakohoa, akakohoa tena. Kisha kifua chake kikaanza kupiga mluzi, na mbavu zikawa zinabonyea kila alipovuta hewa.

"Acha utani," Cherehani alisema. Lakini midomo ya mtoto ilikuwa imepauka.

"Da... da..."

Cherehani akambeba mpaka barazani upande wa mbele, mbali na moshi, akamkalisha wima, kisha akakimbilia inhela ya dawa ya Kifungo. Kwenye droo ya nyuzi haikuwepo. Akapekua mikasi, akamwaga makopo ya vifungo, huku ule mluzi ukimfuata kutoka nje. Halafu mluzi ukawa mdogo, na hilo likamtisha zaidi. Kumbe inhela ilikuwa kwenye mkoba wa shule, uliokuwa ukining'inia msumarini mbele ya macho yake.

Akaitikisa, akaichomeka kwenye kopo lake la plastiki la kuvutia dawa kama mama alivyowafundisha, akamshikizia mdogo wake kopo mdomoni. "Vuta polepole. Vuta tena, mdogo wangu. Nakuomba."

Mama aliwakuta hivyo. Alimtia Kifungo mgongoni, wakakimbilia zahanati.

Muuguzi alimvalisha Kifungo barakoa ya dawa. Walisubiri muda mrefu, mpaka rangi ikarudi midomoni mwake.

"Njia za hewa za mtoto mwenye pumu hukasirika upesi," muuguzi alisema. "Moshi ukiingia, zinavimba na kubana, anakuwa kama anapumua kwa mrija wa soda. Awe nje, awe ndani, moshi ni moshi. Mngechelewa kidogo, tungekuwa tunazungumza mengine. Nguo zenu zinanuka nailoni iliyoungua. Nani aliichoma?"

"Jirani," Cherehani alijibu haraka.

Kifungo akaisogeza barakoa. Wote wakainama kumsikiliza, kwa furaha, maana tangu mchana hakuwa ametamka sentensi nzima.

"Ni dada aliyewasha," alisema taratibu, bila kukwama hata mara moja. "Tena alitumia dakika tano tu."