Kinachokuna Nje

Kucha za baba yake alizikata mwenyewe. Akazipiga tupa mpaka zikawa butu, akampaka mafuta mwili mzima, akarudi ukumbini kwenye cherehani yake. Sasa hebu aambiwe: hii mikwaruzo mirefu katikati ya mgongo, mahali ambapo hata mzima wa afya hafikishi mkono, imetoka wapi?

"Baba, umejikuna na nini?"

"Na nini, Bobini? Mikono yenyewe si hii unaiona?" Mzee akacheka kidogo. "Ila nawashwa, mwanangu. Nawashwa pua, nawashwa kifua, nawashwa mpaka meno. Lakini mfupa hauumi. Leo nimelala kama mfalme."

Bobini ni jina la utani alilompa binti yake tangu utotoni, alipokuwa akiokota bobini, vile vigurudumu vya uzi, chini ya cherehani za karakana. Mzee alikuwa fundi makochi, tena fundi hasa, kabla kansa haijamwingia kwenye uti wa mgongo ikamliza mbele ya mtoto wake. Kisha muuguzi akaleta chupa ya mofini ya kunywa. Kilio kikakoma, muwasho ukaanza.

"Ni dawa hiyohiyo," muuguzi alimweleza. "Kwa kawaida maumivu huuzuia muwasho, ndiyo maana mtu akiwashwa hujikuna. Mofini inayafungia maumivu mlango, lakini na walinzi wa muwasho inawalaza usingizi. Si uchafu, si laana. Usimwachishe. Nitaongea na daktari, inaweza kupunguzwa au kubadilishwa."

"Lini?"

"Wiki hii."

Wiki hii! Watu wa hospitali na wiki yao. Kwani wao ndio wanaokuna? "Na hii ya mgongoni je?"

Muuguzi aliitazama mikwaruzo. Halafu akafunga begi lake, akaaga.

Alasiri ile, jua likiwaka nje, Bobini alisimamisha cherehani ili akate uzi, akasikia. Krr. Krr. Alinyata hadi mlangoni, na kadiri alivyosogea ndivyo harufu ya nywele zilizoungua ilivyozidi kumjaa puani, ingawa pasi ilikuwa baridi na jikoni hakukuwa na moto, na alipochungulia alimwona baba yake amelala ubavu, mikono yote miwili imekunjwa kifuani, anakoroma kwa raha zake, na nyuma yake shuka likipanda na kushuka, likipanda na kushuka, kama kwamba kuna mtu amejilaza pale nyuma yake anayefanya kazi yake bila haraka yoyote.

Alipomsimulia shangazi yake kwa kunong'ona, shangazi hakushangaa hata kidogo. Ndiye dada wa pekee wa mzee, na hapo nyumbani chumba chake kilitazamana na cha mgonjwa. Alikwenda kwa mganga, akarudi na jibu.

"Jini limeipenda hiyo dawa. Dawa ikiondoka, kuwashwa kutakoma."

"Na maumivu, Shangazi? Atayabeba huyo mganga wako?"

"Usinijibu hivyo! Ni kaka yangu kabla hajawa baba yako."

Bobini alijihisi kupasuka. Huyu anasema wiki hii, yule anasema jini, na anayeshinda akipaka mafuta ni yeye peke yake. Akamwuliza mzee mwenyewe kama anaogopa.

"Niogope nini? Ni kama panya na kochi," mzee akasema. "Ukimsikia anakwangua, yuko nje bado. Akinyamaza ndipo ufungue, ujue kashaingia kwenye sponji."

Kesho yake Bobini alitoka kupeleka sare za shule kwa mteja. Aliporudi, shangazi alikuwa amesimama mlangoni, uso umemng'aa.

"Sikiliza," akanong'ona. "Kimya. Hajikuni tena."

Chupa ilikuwa kwenye karo, tupu, imesuuzwa vizuri.

"Shangazi! Umefanya nini, jamani? Umefanya nini?"

Mara mzee akaanza kupiga kelele. Bobini alikimbilia chumbani. Baba yake alikuwa amejikunja, jasho linamtiririka, meno yameuma mto. Ngozi yake ilikuwa imetulia. Ila chini ya ngozi, kando ya uti wa mgongo, kitu kilijigeuza taratibu, kama anayetafuta pa kulala.

"Bobini," mzee akasema kwa taabu. "Kimeingia."

Mganga hakudanganya, kuwashwa kulikoma! Bobini alimfokea shangazi yake maneno ambayo binti hamwambii mkubwa wake, kisha akatoka mbio kwenda zahanati, kandambili moja ikabaki njiani. Muuguzi alimgombeza vikali, lakini chupa nyingine akampa.

Alimnywesha baba yake, akamshika mkono, akangoja. Kilio kilishuka kikawa mguno, mguno ukawa pumzi. Mzee alisinzia. Na nyuma yake, juu ya ngozi, ikaanza. Krr. Krr.

Bobini alilia kwa furaha. Kuna, akakiambia moyoni. Kuna mpaka uchoke, mradi uko nje. Alikaa pale akiisikiliza ile sauti aliyokuwa akiichukia, mpaka naye usingizi ukamchukua kitini.

Aliamshwa na ukimya.

Aliruka akaitazama chupa, ilikuwa vilevile alivyoiacha. Akamtazama baba yake. Mzee amelala fofofo, anatabasamu, mgongo umetulia. Harufu ya nywele zilizoungua haikuwa tena kitandani. Ilikuwa inaelekea ukumbini, na Bobini akaifuata kwa pua, polepole, mpaka mlango wa pili, wa shangazi.

"Uwii!" shangazi akapiga yowe humo ndani. "Mgongo wangu! Mwanangu, njoo, mgongo wangu! Niletee ile dawa!"

Bobini alisimama kati ya milango miwili, chupa mkononi. Dawa ilikuwa ya mtu mmoja.