AM Kwenye Njia ya Setilaiti

Kila asubuhi Kozi alikunywa chai ya rangi amesimama, redio yake ya Yaesu juu ya friji, akimsikiliza fundi saa.

Hawakuwahi kuonana. Mji mzima ni wao wawili tu waliozungumza kwa AM, mtindo wa zamani wa kurusha sauti, kwenye masafa ya VHF. Wengine walishahamia FM. Kozi alikuwa jasusi. Hakuna jirani aliyemjua jina. Sauti ile ya mzee ndiyo iliyokuwa nyumbani kwake.

"Marehemu mke wangu aliiita redio mke mwenza," fundi alikuwa akisimulia. "Nikamwambia, huyu angalau ana kitufe cha kuzima."

Simu ikalia.

"Shangazi amelazwa," alisema Mkuu wake wa kazi.

Kozi akaweka kikombe chini. Maana ya fumbo hilo: bunduki za magendo zinaingia leo.

"Malori mawili. Kuna mtu huyaelekeza yakwepe vizuizi vya polisi. Tulimnasa jana, anatumia AM, sauti kaivuruga kwa mashine. Ukiacha wewe, mwenye AM hapa ni kikongwe wako. Vijana wanakwenda kumbeba."

Kozi akavuta kalamu.

"Masafa gani?"

"Mia moja arobaini na tano nukta tisa."

Kozi akashusha pumzi.

"Si yeye."

"Unamtetea?"

"Pale pametengewa setilaiti, Mkuu. AM huchukua nafasi pana, inafunika mawimbi yake. Mzee akisikia hata mnong'ono wa mtu, anahama. Hukaa mia moja arobaini na nne nukta tano tano, mbali na mitambo ya FM, mbali na masafa ya chini wanakosikilizwa wenye mawimbi hafifu. Huyo wenu kanunua redio tu. Adabu hakununua."

Mkuu akaguna.

"Una nusu saa. Ukikosa, nambeba mzee."

Bastola ya Beretta kiunoni. Redio na antena ya mkono ya kusaka mawimbi yanakotoka, kiti cha mbele. Toyota ikatoka kwa kasi.

"Lori la kwanza, kata kushoto," sauti iliyovurugwa ilikwaruza redioni.

Alisimama kila njia panda, akaizungusha antena, akautazama mshale wa nguvu ya mawimbi. Ukapanda. Ukapanda zaidi. Ukaganda mwisho mbele ya hoteli kuukuu.

Ngazi. Ghorofa ya nne. Chumba cha kufulia.

Mwanamume aliketi juu ya ndoo, kipaza sauti mkononi.

"Hapa pana mtu," alisema bila kugeuka.

"Ungeuliza kama pana mtu kabla ya kufungua mdomo hewani." Mtutu ukagusa kisogo. "Yaambie malori yasimame kwenye daraja la reli."

"Dada, tuongee kidogo."

"Ongea nao."

Akaongea nao.

Polisi walipoyafungua malori, Kozi alikuwa ameshashuka, akitembea taratibu kuelekea gari lake kama mtu aliyetoka kuchukua nguo zake.

"Safi," alisema Mkuu kwenye simu. "Mzee yuko huru. Kesho unahamia kituo kingine. Mbali."

Aliingia garini. Kisha akairudisha redio mia moja arobaini na nne nukta tano tano.

"Dada, ulikatika ghafla," fundi alisema. "Nikajua betri."

"Nahama kesho, mzee."

"Mbali?"

"VHF haifiki."

Kozi akaongeza sauti ya redio.

"Haya," alisema fundi, sauti imepungua. "Kama una swali la antena, uliza leo basi."

Miezi yote Kozi alikuwa akimuuliza mambo ya antena tu.

"Sina swali la antena," Kozi alisema. "Sina mtu mwingine duniani, mzee. Nataka kuja dukani kwako sasa hivi, nikuone."